Umbali na Utu: Swali la Kimaadili Kutoka Kivuko cha Likoni

Utangulizi

Tarehe 13 Machi 2020 serikali ya Kenya ilitangaza kuthibitishwa kwa mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19, ugonjwa ambao wananchi wengi waliuita Korona. Kabla ya mwezi huo kwisha shule zilikuwa zimefungwa, misikiti na makanisa yamefungwa, hoteli za pwani zimeanza kuwarudisha wafanyakazi majumbani, na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri imewekwa nchi nzima kuanzia tarehe 27. Tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zilifungwa, kila moja katika mipaka yake, na Kwale na Kilifi hazikufunguliwa hadi mwezi wa Juni, na Mombasa hadi mwezi wa Julai.

Amri hizo zilitolewa kwa Wakenya wote kwa lugha moja, lakini hazikuwaangukia wote kwa uzito mmoja. Mji wa Mombasa ni kisiwa chenye bara tatu: Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi. Wengi wa wanaofungua maduka ya kisiwani, kulinda majumba yake, kupika katika mikahawa yake na kubeba mizigo yake hulala bara. Mtu wa Changamwe huingia kisiwani kwa njia ya Makupa, wa Kisauni kwa daraja la Nyali, na wa Likoni kwa feri. Mahali pa riziki na mahali pa malazi pametengwa na maji, na ili kuviunganisha viwili hivyo mtu hana budi kusimama bega kwa bega na wenziwe mara mbili kwa siku.

Makala haya yanachunguza swali la kimaadili lililozuliwa na hali hiyo. Je, mtu anaweza kulaumiwa kwa kutotimiza wajibu ambao maisha yake hayamruhusu kuutimiza? Na ikiwa halaumiwi, wajibu huo humwangukia nani? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba kukaa mbali na wengine wakati wa maradhi ni tendo la utu, lakini huwa hivyo pale tu ambapo jamii imekubali kugawana gharama ya umbali huo. Gharama isipogawanywa, umbali hubaki kuwa amri, na anayeivunja huwa na kesi ya kujibu mbele ya askari kuliko mbele ya dhamiri.

Utu katika ukaribu

Katika maadili ya Waswahili, utu hudhihirika kwa mwili kuwepo. Mgonjwa huzuriwa. Mfiwa huhaniwa kwa mkono, na anayetuma salamu pasi na udhuru huulizwa kilichomzuia. Jeneza hubebwa kwa zamu, kila mtu akitaka bega lake liguse ubao japo kwa hatua chache. Kauli kwamba mtu ni watu haizungumzii wingi wa idadi. Huzungumzia ukweli kwamba mtu hutambulika kuwa mtu kwa kuonekana mahali ambapo wengine wanamhitaji.

Methali nyingi zimejengwa juu ya msingi huu. Isemwapo kwamba kifo cha wengi harusi, msemaji hafurahii kifo. Anasema kwamba msiba ukiwa wa pamoja hupungua ukali, kwa kuwa hakuna anayeachwa peke yake. Janga la 2020 liliugeuza ukweli huu chini juu: kule kukusanyika kunakopunguza ukali wa msiba ndiko kulikoweza kuzaa msiba mwingine. Wizara ya Afya ilipoagiza kwamba mazishi yahudhuriwe na jamaa wa karibu wasiozidi 15, wengi walielewa sababu yake na bado waliona haya. Haya hiyo haikutokana na ujinga. Ilikuwa ni haya ya mtu anayelazimika kuonyesha mapenzi yake kwa kitendo ambacho hadi jana kilikuwa alama ya kutopenda.

Hata hivyo, mapokeo yaya haya yana sauti nyingine. Mchuma janga hula na wa kwao. Methali hii humkumbusha mtu kwamba hatari anayoibeba haimalizikii kwake, na kwamba jamaa zake, ambao hawakuchuma chochote, watakaa naye mkekani kuila. Mhakiki hana haja ya kuzipatanisha methali hizi kana kwamba zinagombana. Kila moja huzungumza mahali pake. Ya kwanza husema juu ya msiba uliokwisha kutokea, ya pili juu ya msiba unaoweza kuzuiwa. Ugumu wa miezi ile ya mwanzo ulikuwa kwamba watu waliishi katika misiba yote miwili kwa wakati mmoja: walikuwa na wafu wa kuzika na walio hai wa kuwalinda.

Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba umbali ni jambo geni kwa utu wa Kiswahili. Mwishoni mwa Aprili 2020 Ramadhani iliingia misikiti ikiwa imefungwa, na sala ya tarawehe ikasaliwa majumbani, baba akiwa imamu wa wanawe. Watu walisalimiana kwa kuweka kiganja kifuani. Nia ya matendo haya ilikuwa ile ile ya zamani, yaani kumtakia mwenzio salama, ila umbo lake lilibadilika. Kama utu ni nia pamoja na umbo, basi umbo linaweza kubadilika pale nia inapolihitaji.

Kisa cha Sargh

Mapokeo ya Kiislamu, ambayo yamelea sehemu kubwa ya fikra za pwani, yanalo tukio maarufu juu ya suala hili. Takriban mwaka wa 639, Khalifa Umar bin al-Khattab alitoka Madina kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh aliambiwa kwamba tauni imezuka huko aendako. Akashauriana na Muhajirina, kisha na Ansari, kisha na wazee wa Kikureshi, na akaamua kurudi. Abu Ubayda bin al-Jarrah alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anatoka katika kadari moja kuingia katika kadari nyingine, na akampigia mfano wa mchungaji aliyeshuka bondeni na ngamia wake: upande mmoja wa bonde una malisho, mwingine ni mkavu, na upande wowote atakaolisha, atalisha kwa kadari ya Mungu. Baadaye Abdurrahman bin Auf alikuja na hadithi ya Mtume inayokataza kuingia katika nchi yenye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia.

Kisa hiki kilisimuliwa mara nyingi mwaka wa 2020, na kwa haki, kwani kinaonyesha kwamba tahadhari haipingani na imani. Lakini kisomwe kama msomaji wa fasihi asomavyo mfano wowote, yaani kwa kuuliza mfano huo unachukulia nini kuwa kimekwisha kuwepo. Bonde la Umar lina pande mbili, na mmoja kati yake una majani. Hekima ya mchungaji ni kuuchagua upande huo. Je, mchungaji ambaye pande zote mbili za bonde lake ni kavu atalaumiwa kwa lipi? Kibarua wa Likoni alikuwa na upande mmoja wenye maradhi na upande mwingine wenye njaa. Kumwambia achague vyema ni kumsomea mfano usiokuwa wake.

Masimulizi ya tauni hiyo yana sehemu ya pili isiyotajwa mara nyingi. Abu Ubayda alibaki na watu wake akafariki. Muadh bin Jabal aliyemfuata naye akafariki. Amr bin al-As aliposhika uongozi, husimuliwa kwamba aliwaamuru watu watawanyike milimani, na maradhi yakatulia. Amri yake ilifanana na ile iliyotolewa Kenya karne nyingi baadaye, kwa kuwa zote mbili ziliwataka watu watengane. Tofauti ni kwamba amri ya Amr ilitaja mahali pa kwenda. Kulikuwa na mlima.

Kivukoni, 27 Machi 2020

Siku ya kwanza ya kafyu ilikuwa Ijumaa. Inakadiriwa kwamba kivuko cha Likoni huvusha watu wapatao 300,000 kwa siku, na waendao kwa miguu hawatozwi nauli. Kwa wakati huo barabara ya kuzunguka kupitia Dongo Kundu ilikuwa haijakamilika, kwa hiyo mwenye kutoka kazini kisiwani na kurudi Likoni hakuwa na njia nyingine ya maana. Waajiri wengi waliwaachilia wafanyakazi jioni. Maelfu walifika kivukoni katika saa zile zile chache, kila mmoja akitaka kuvuka kabla ya saa moja. Polisi waliwashambulia kwa virungu na kwa gesi ya kutoa machozi, wengine wakiamriwa kuketi au kulala chini wakiwa wamebanana, ilhali saa ya kafyu ilikuwa bado haijafika. Picha zake zilienea ulimwenguni. Tarehe 1 Aprili Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba Wakenya radhi kwa nguvu zilizopita kiasi katika utekelezaji wa kafyu.

Ni rahisi kulieleza tukio hili kwa ukatili wa askari peke yake, na ukatili huo hauna utetezi. Lakini kuishia hapo ni kuliacha swali lenyewe. Hata kama askari wangekuwa wapole, msongamano ungalikuwapo. Amri iliyokusudia kuwatenganisha watu iliwasukuma wote katika lango moja kwa saa moja. Gesi nayo iliwafanya wakohoe na kufuta nyuso kwa mikono, katika wiki ambayo kila redio iliwaonya wasikohoe hadharani wala wasiguse nyuso. Katika uhakiki, hali ambayo kitendo huangamiza lengo lake chenyewe huitwa kinaya. Kivukoni kinaya hicho kiliangukia miili ya watu.

Msomaji wa Shaaban Robert atakumbuka Kusadikika, riwaya iliyochapishwa mwaka wa 1951. Karama, anaposhitakiwa na Waziri Majivuno, hujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kutafuta mambo yenye manufaa kwa nchi, na ambao waliporejea walipokelewa kwa adhabu. Watu waliorudi Likoni jioni ile walikuwa wajumbe wa namna hiyo. Walinzi, wapishi, yaya, makuli na wauzaji walikuwa wametumwa na mji uliohitaji kazi zao. Mji haukuwaambia wasije. Uliwaadhibu kwa kurudi.

Nani hubeba umbali

Fasihi ya maradhi duniani aghalabu huwatazama wale wenye pa kujificha. Katika Decameron ya Giovanni Boccaccio, vijana kumi, wanawake saba na wanaume watatu, huihama Florence wakati wa tauni ya 1348 na kwenda kukaa katika majumba ya mashamba, ambako husimuliana hadithi mia moja. Vijana hao hawaendi peke yao. Wanafuatana na watumishi, ambao hupangiwa kazi za jikoni, za vyumbani na za mezani. Hadithi mia moja zinapatikana kwa sababu kuna wanaopika. Umbali wa mmoja hubebwa na ukaribu wa mwingine.

Kanuni hii ilionekana Mombasa bila kuhitaji riwaya. Aliyeweza kufanya kazi nyumbani aliletewa chakula na mwendesha bodaboda. Aliyekuwa na mfereji ndani alinawa apendapo, wakati mitaa mingi ya bara, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na uhaba wa maji, ilinunua maji kwa mtungi kutoka kwa wenye mikokoteni. Kunawa mikono mara kumi kwa siku, katika nyumba ya watu saba, huwa jambo la kupigiwa hesabu.

Nyumba zenyewe zina hoja yake. Wapangaji wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe huishi katika nyumba za Kiswahili, ambamo ukumbi mmoja hupita katikati, vyumba hupangana kulia na kushoto, kila kimoja kikiwa na familia yake, na choo na ua ni vya wote. Mtu aliyeambiwa ajitenge katika nyumba kama hiyo angejitenga wapi? Neno "nyumbani" katika wito wa kukaa nyumbani lilikuwa na maana mbili. Kwa mmoja lilimaanisha jengo lenye milango ya ndani. Kwa mwingine lilimaanisha chumba ambacho mchana watu hukitoka kwa sababu hakiwatoshi.

Saa nazo ziligawanya watu. Sehemu kubwa ya biashara ndogo ya Mombasa huanza jua linapotua: viazi karai, mishkaki, mahamri ya jioni, uji wa pembeni mwa barabara. Magharibi huingia takriban saa kumi na mbili unusu, na kafyu iliingia nusu saa baadaye. Aliyeandika saa moja jioni katika tangazo huenda hakukusudia kuifuta kazi ya mama muuza viazi, lakini aliifuta. Nafuu nazo zilifuata mkondo ule ule. Kuanzia Aprili 2020 waajiriwa waliopata mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi walisamehewa kodi ya mapato. Nafuu hiyo ilikuwa njema, ila muuza viazi hana hati ya mshahara ambayo kodi yake ingesamehewa.

Fardhi mbili

Lugha ya fikihi, ambayo imezoeleka pwani hata miongoni mwa wasiokuwa wanazuoni, hutofautisha wajibu wa aina mbili. Fardhi ain humlazimu kila mtu kwa nafsi yake, wala hakuna anayeweza kumtimizia mwenziwe. Mfano wake ni sala tano. Fardhi kifaya huwalazimu wote kwa pamoja. Wakiitimiza wachache wenye uwezo, wengine husalimika, na wasipoitimiza, wote wana dhambi. Kumzika maiti ni mfano wake ulio mashuhuri.

Tofauti hii husaidia kulifumbua fundo la Likoni. Viongozi na wengi waliokuwa na sauti hadharani walizungumza juu ya umbali kana kwamba ni fardhi ain tupu: kila mtu na mwili wake, kila mtu na dhamiri yake. Kwa kiasi fulani walisema kweli, kwa sababu hakuna anayeweza kuvaa barakoa kwa niaba ya mwingine. Lakini uwezo wa kukaa mbali ni jambo la aina ya pili. Maji, mlo wa siku ya leo, feri za kutosha, saa za kazi zilizopangwa kwa kupishana na mahali pa kumlaza mgonjwa ni vitu ambavyo mpangaji wa chumba kimoja hawezi kujipatia kwa kuamua tu. Hivyo ni fardhi kifaya. Vikikosekana, dhambi haimwandami yule mmoja aliyebanwa kivukoni. Huwaandama wote waliokuwa na uwezo wa kuviandaa na hawakuviandaa.

Isidhaniwe kwamba hakuna kilichofanywa. Serikali ya Kaunti ya Mombasa iligawa chakula kwa kaya, na mpango wa Kazi Mitaani uliwapatia baadhi ya vijana ujira wa kusafisha mitaa. Daraja la kuelea la waendao kwa miguu lilijengwa baina ya Liwatoni na upande wa Likoni katika mwaka ule ule wa 2020 na likaanza kutumika mwanzoni mwa 2021, kwa nia ya kupunguza msongamano wa feri. Daraja hilo ni ushahidi mzito kwa hoja ya makala haya. Linaonyesha kwamba msongamano wa Likoni haukuwa tabia ya watu. Ulikuwa upungufu wa njia, na njia ingeweza kujengwa.

Pingamizi

Zipo pingamizi mbili zinazostahili kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba maradhi hayangoji haki. Mama aliyeambukizwa na mwanawe aliyetoka kivukoni hapati nafuu kwa kuambiwa kwamba mwanawe hana lawama. Pingamizi hii ni ya kweli, na inalazimu hatari itofautishwe na lawama. Hatari hupimwa kwa mwili, lawama hupimwa kwa uwezo. Mtu anaweza kuwa hatari kwa wengine pasi na kuwa na hatia, na jamii inaweza kuwa na haki ya kumzuia pasi na kuwa na haki ya kumdharau au kumpiga. Kosa la jioni ile ya Machi lilikuwa pia kosa la fikra: watu walitendewa kama wahalifu kwa sababu walikuwa hatari.

Ya pili ni kwamba hoja ya uwezo inaweza kuwa kichaka cha wavivu. Kila mtu atasema hawezi. Hapa kanuni nyingine ya fikihi inafaa, nayo ni kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Anayelazimika kupanda feri amesamehewa feri tu. Hajasamehewa kuacha barakoa, wala kukaa barazani akicheza bao na majirani kumi baada ya kuvuka, wala kuficha homa yake ili aingie matangani. Wajibu wa mtu asiye na kitu hupungua, lakini haufutiki, na kumwambia kwamba umefutika ni kumvua utu kwa njia ya huruma. Wengi wa bara walilielewa hili bila kufundishwa. Palikuwa na majirani waliomwachia mgonjwa chakula mlangoni, wakabisha hodi na kurudi nyuma hatua kadhaa, wakasubiri kusikia sauti yake kabla ya kuondoka. Walichokifanya ni kuzuru mgonjwa, na umbali wao ulikuwa na gharama waliyoilipa wenyewe kwa unga wao.

Hitimisho

Mombasa imewahi kupokea maradhi ya ulimwengu kupitia bandari yake. Homa kuu ya 1918 iliingia Kenya kwa njia hiyo. Hapana shaka kwamba mengine yatakuja, na kivuko cha Likoni kitakuwa na watu wake. Swali lililochunguzwa hapa kwa hiyo halijapitwa na wakati kwa sababu tu barakoa zimevuliwa.

Fasihi inayo kazi katika jambo hili, na uhakiki nao vilevile. Kazi hiyo si kuyahifadhi machungu ya 2020 peke yake. Ni pamoja na kuyachunguza maneno ambayo jamii huyatumia inapoagiza watu wake watengane. Neno "nyumbani" liulizwe ni nyumba ya nani. Neno "wote" liulizwe limewahesabu akina nani. Anayetamka kwamba watu watawanyike aulizwe, kabla ya askari kutumwa, mlima uko wapi.